Kaka Anagonga Gurudumu la Kushoto

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na usinicheke, maana kucheka nimecheka mwenyewe mpaka nikaishiwa. Mimi ni mzee, shule tuliachana darasa la tano baada ya mwalimu na mimi kuchokana, kwa hiyo nikikosea herufi rekebisha kimyakimya. Kaka yangu mkubwa alifariki akaniachia gari lake, na ndiye aliyenifundisha kuendesha, alikuwa anakaa kiti cha abiria, nikikimbiza anagonga mlango kwa kifundo cha kidole, ngo, ngo, maana yake punguza, wala hasemi neno. Sasa wiki ya tatu tangu tumzike, nashuka ule mteremko wa hospitali, nikapita tuta, ngo, ngo, mbele kushoto, upande wake. Nikapunguza, nikasema samahani kaka, kukawa kimya.

Nikalipeleka kwa fundi, akalipiga jeki chini ya bodi, magurudumu yakaning'inia, akatikisa, kimya. Akabadilisha shokamzoba, natoka getini tu, ngo, ngo. Fundi wa pili naye akainua vilevile, akatikisa, akaniambia, "Mzee, kinachogonga ni kichwa chako." Likiwa juu halisemi, likiwa chini na mimi ndani linasema. Mke wangu, ambaye macho yake yameingia ukungu, siku hizi anakaa nyuma, anasema kiti cha mbele kina shemeji, na kabla ya kufunga mlango anamsalimia. Ijumaa anapasuliwa macho na ni mimi wa kumteremsha huko hospitalini. Na ninaloficha ni hili, juzi mchana nilikuwa nimekaa ndani, gari limezimwa, ufunguo mfukoni, likagonga mara mbili. Sikukimbia, mshauri, nilifurahi. Je, nikilitengeneza nitakuwa nimemfukuza?

*

Mzee wangu, pole kwa msiba, na aibu juu yako pia. Unampakia mama wa watu asiyeona vizuri kwenye gari linalogonga, halafu unafurahi? Mimi ni mjane wa fundi, miaka ishirini nimeshika tochi chini ya magari, kwa hiyo nisikilize.

Mafundi wako walikosea pa kuweka jeki. Gari likiinuliwa kwa bodi, springi inakikaza kile kifundo cha chuma kinachoshikilia gurudumu, wenyewe wanakiita bolijointi, na kilichokazwa hakichezi. Mwambie fundi aweke jeki chini ya ule mkono wa chuma wa chini unaobeba springi, karibu na gurudumu, kisha alinyanyue gurudumu kwa mtaimbo. Utakiona hicho kifundo kinavyocheza, hata bila miwani. Kikichomoka kwenye mteremko, gurudumu linalala, na shemeji anapata wenzake wawili.

Leo hii liegeshe. Fundi aje nyumbani, usimpelekee. Ijumaa mchukulie mama teksi, ukae naye nyuma, umshike mkono.

Kuhusu kugonga likiwa limezimwa, hilo marehemu mume wangu hakunifundisha na sitakudanganya. Ila maana yake umeniandikia mwenyewe: punguza. Siku zote hizi kaka yako anasema neno moja tu, na wewe unamjibu kwa kutia gia. Tengeneza gari. Likigonga tena baada ya hapo, zima, shuka, mpe mkeo mkono mwende kwa miguu, na usiite fundi.