Sauti Unayoisikia Jioni Si ya Leo

Mutuini,
Jumapili mchana

Mpendwa Mama,

Nakusalimu kutoka huku Mutuini, pembeni mwa Nairobi, ambako baridi ya asubuhi inaingia hadi kwenye mifupa. Natumai goti lako limetulia na yule ng'ombe mweusi amezaa salama, maana mara ya mwisho Beti aliniambia mnamlinda kama bibi harusi. Mahindi je, yamepandwa? Mvua ya huko imeshika, ama bado inawachezea?

Beti mdogo wangu, najua ni wewe unayesoma. Keti karibu na Mama, upande wa sikio lake zuri. Soma polepole, usiruke mstari, na usianze kulia katikati, kwa sababu ukilia Mama atafikiri mambo ni mabaya kuliko yalivyo. Yalivyo yanatosha.

Mama, najua unajiuliza barua ya nini wakati simu ipo. Simu sijapoteza, na hatujakosana. Ni kwamba daktari amenikataza kuongea. Hata kunong'ona amekataza, anasema anayenong'ona analichosha koo kuliko anayeongea. Zile simu zako ambazo sikuzipokea niliziona zote. Nilikuwa nimeishika simu mkononi ikilia, naangalia jina lako, machozi yananitoka. Ningepokea ungesikia kimya tu, na mimi ningeshindwa kunyamaza.

Sasa hapo nakusikia ukimkatiza Beti. "Hawezi kuongea vipi, na jana tu nimemsikia kwa TV akibishana na baba yake?"

Hilo ndilo limenifanya niandike. Ile katuni ya Imani unayoitazama kila jioni kabla ya habari, ambayo umewaambia majirani wote kwamba yule msichana ni mtoto wako, tuliitia sauti zamani. Katuni yenyewe inachorwa Marekani. Ni familia ya Wamarekani weusi: baba ana duka la kufulia watu nguo, mama ni muuguzi, nyanya anakoroma hadi picha zinaanguka ukutani, na Imani ni msichana wa miaka kumi na mitano anayeona haya kwa kila kitu ambacho baba yake anafanya. Wao wanaongea Kiingereza chao. Sisi tunakaa studio kule Kitisuru, kijumba kilichokuwa cha wafanyakazi nyuma ya nyumba kubwa, kuta zimefunikwa magodoro ili mbwa wa jirani wasisikike, na tunawatia Kiswahili mdomoni. Kazi hiyo si mchezo. Kiingereza kinaisha mapema, mdomo wa Imani umeshafungwa, na Kiswahili chetu bado kiko njiani. Inabidi nikimbie na maneno, nipandishe sauti, nicheke kama kasichana, na mimi mwenyewe magoti yameanza kulia nikiinama.

Wewe hukuwahi kuamini kwamba ni kuigiza. Kila Imani alipomjibu baba yake vibaya ulinipigia simu kunigombeza. "Kageha, huyo mzee wa watu amekukosea nini?" Nilikuwa nakuomba msamaha kwa niaba yake, na nilikuwa napenda simu hizo kuliko zote.

Kwa hivyo, Mama, sauti unayoisikia jioni tuliirekodi kabla ya mvua za mwaka jana. Hii iliyo kooni mwangu leo hujawahi kuisikia.

Shida ilianza na kile kipindi ambacho baba yake Imani anaenda kumchukua shuleni akiwa na sandali za bafuni na kitambaa cha kichwa cha mkewe. Imani anamwona kutoka juu ya ngazi, anapiga kelele, "Baba, rudi kwa gari!" Kelele hiyo tuliirudia asubuhi nzima, maana Shiro, msimamizi wetu, alitaka isikike kama ya mtoto anayetamani ardhi ipasuke imfiche. Mara kitu kikakatika kooni. Hakikuuma sana. Mzee Githinji, anayemtilia baba sauti, akavua hedfoni akaniangalia.

"Msichana wangu, hiyo sauti imepasuka," akasema. "Enda ukunywe kitu moto kwanza."

Ananiita msichana wake hata tukiwa nje ya studio, na tangu Baba atutoke nimekuwa nikimwitikia.

Nikanywa tangawizi, nikanywa ndimu na asali, nikatafuna vitunguu saumu mpaka watu wakaanza kukaa mbali nami. Nilidhani ni baridi ya huku. Sauti ikarudi nusu, halafu ikaanza kukwaruza, halafu asubuhi zingine ikawa haiji kabisa mpaka nikohoe kwanza. Shiro mwanzoni alicheka. "Kageha, kwani leo Imani ameamka akiwa babake?" Tukacheka wote. Baadaye akaacha kucheka, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Nikaenda kliniki moja karibu na Adams Arcade. Daktari aliingiza mpira mwembamba puani, wenye kamera mbele, ukashuka hadi ndani, nikaliona koo langu kwenye skrini. Nyuzi za sauti ni mbili tu, Mama, nyeupe, fupi kuliko kidole cha mtoto. Huwezi kuamini kwamba ndizo zimenilisha miaka hii yote. Kwenye uzi mmoja kulikuwa na uvimbe. Daktari aliutazama, na mimi nikamtazama yeye.

"Usijibu, andika tu," akaniambia. "Kwenu kuna mtu amewahi kuwa na shida ya koo?"

Nikaandika: Senje Rasoa, dada ya baba yangu. Niliandika vibaya hadi daktari akaniuliza kama jina la pili linaanza na R ama K.

Wewe ndiye uliyemuuguza Senje. Yake pia ilianza na sauti, watu wa kwaya wakamtania kwamba amehamia upande wa wanaume. Mwishoni alikuwa akigonga kikombe kwa kijiko akitaka kukuita, nawe unaacha kila kitu unakimbia. Nilikuwa mdogo, lakini mlio wa kijiko hicho ninao mpaka leo. Nyumbani kwetu ugonjwa ule hatuutaji jina, na mimi sitautaja hapa. Naogopa, Mama. Naogopa hata kukoroga chai.

Walinilaza wakakata kipande kidogo, wakakipeleka kupimwa, nikaambiwa ningoje na ninyamaze.

Kunyamaza huku ni kujitafutia maadui. Mama Wambui, mwenye nyumba wangu, alinisubiri mlangoni mikono kiunoni. "Kageha, kwani nimekukosea? Nakusalimia unaniangalia tu hivi hivi. Ni madharau umeanza ama ni nini?" Nikamwonyesha kadibodi niliyoandika kwamba nimekatazwa kuongea. Akaisoma, akashika mdomo, na tangu hapo ananipenda kupita kiasi. Alileta akina mama wa kanisa lake kuniombea. Wakaimba, wakaniwekea mikono shingoni, na mmoja wao akawa ananihimiza kila walipotua kuvuta pumzi. "Sema amen, dada. Sema upokee." Nikatikisa kichwa. "Usimfungie Mungu mlango, sema." Mama Wambui akafungua macho katikati ya maombi. "Mungu ameshasikia. Daktari amesema asiongee, na nyinyi mnataka kumharibu kabisa?" Nilicheka bila sauti mpaka mbavu zikauma, halafu kicheko kikageuka kilio, wakasema nimepokea.

Wiki iliyopita nilienda Kitisuru, kuwasalimia watu kwa macho tu. Nikakuta mlango wa studio umefungwa na taa nyekundu inawaka, nikakaa kwenye ngazi ya nje. Mlango ule haufungi vizuri pale chini. Nikamsikia Imani akimwambia baba yake kwamba haendi kanisani na nguo ile. Maneno ni yale niliyokuwa nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo changu. Sauti ni ya msichana mmoja wa chuo, mwembamba, mwenye adabu, na anaweza kazi. Ningefurahi kama angekuwa hawezi. Alipotoka akanishika mikono yote miwili. "Pole sana, Auntie. Mimi nakushikia tu mpaka upone." Shiro akanivuta kando. "Tunakungoja, si unajua? Lakini TV haiwezi ngoja." Mzee Githinji alinisindikiza. Alinibebea mkoba hadi getini kana kwamba ni mguu niliovunja.

Majibu yametoka juzi. Daktari anasema kipande alichokata hakikuwa na ule ubaya, ila uvimbe wote bado hajauona, na hawezi kuniapia mpaka autoe. Atautoa Alhamisi hii. Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi mpaka nilipomwandikia: Na sauti? Akavua miwani yake.

"Utaongea," akasema. "Lakini si hiyo uliyokuja nayo. Itakuwa nzito, itakuwa inakwaruza, na haitapanda tena. Hiyo sitakudanganya."

Basi Imani kwangu amekwisha, uvimbe uwe mzuri ama mbaya. Hilo nimelilia hadi nikachoka, na Mzee Githinji ameniambia kuna nyanya wengi kwenye katuni wanaotafuta sauti. Jambo lisilonitoka ni wewe.

Unakumbuka yule tapeli aliyekupigia akisema, "Mama, msichana wako yuko hospitali hapa Nairobi, hali ni mbaya"? Ukamjibu kwamba mtoto wako unamsikia sasa hivi kwenye TV akicheka, ukamwita mwizi, ukakata. Umeisimulia hadithi hiyo hadi mchungaji akaiingiza kwenye mahubiri. Tulicheka wote, na mimi nilikusifu kuliko wote. Tangu siku hiyo sauti usiyoijua ikikuita Mama, huipi hata nafasi ya kuvuta pumzi.

Sasa fikiria. Baada ya upasuaji nitanyamaza tena mpaka kidonda kipone. Daktari akiniruhusu, wa kwanza kumpigia ni wewe. Jina langu kwenye simu huwezi kulisoma, utasikia tu mtu wa sauti nzito akikuita Mama, akisema yuko Nairobi, ametoka hospitali. Na hapo hapo mbele yako, kwenye TV, Kageha wako anacheka na baba yake. Kisu nakiogopa, lakini hicho ndicho ninachokiogopa zaidi, kwamba nitavuka yote haya halafu nikukose kwa simu.

Mzee Githinji atanipeleka Alhamisi na kumjulisha Beti nikitoka chumba cha upasuaji, kwa hivyo msije mbio. Barua hii naituma kwa basi la kesho ili muwe mmeisoma kabla ya siku hiyo. Msalimie Mjomba Ezekieli, mwambie aniombee, na kwa mara moja maishani mwake aombe kwa sauti ya chini. Wasalimie akina mama wa maziwa wanaokuja kutazama katuni kwako, wasiache kuja. Vugutsa, mtoto wa Senje Rasoa, mpeni salamu zangu lakini la koo msimwambie mpaka Alhamisi ipite. Alikisikia kile kijiko kuliko sisi sote.

Halafu, Mama, tufanye hivi. Sauti hiyo ikikupigia, usikate. Iulize ni nani aliyekula firigisi ya kuku aliyechinjiwa mchungaji, ile siku Baba aliitafuta kwenye bakuli ili ampe mgeni, akaikosa, akamfukuza paka hadi barabarani. Baba alituacha akiamini ni paka. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, nikakuona ukiitafuna umefumba macho, na sijawahi kumwambia mtu yeyote. Beti, sasa na wewe umejua, ufunge mdomo.

Uliza hivyo, kisha ungoje. Nitajibu polepole, na haitakuwa sauti uliyoizaa. Usikate simu, Mama. Ni mimi.

Binti yako,
Kageha