Kwa Mama Ngoie, Juu ya Bukari Niliyoikataa

Mama Ngoie, mke wangu,

Najua wewe na maandishi hamjawahi kupatana, kwa hiyo barua hii utasomewa na Baba Katekista hapo uani kwenu Mitwaba, mbele ya mama yako, mbele ya wajomba zako, na mbele ya majirani watakaojifanya wamekuja kuomba moto. Nawasalimu wote. Sina cha kuwaficha. Mume ambaye mkewe amefunga masufuria yake ndani ya kitenge na kupanda lori mchana kweupe, kambi nzima ya kampuni ikiangalia, anaficha nini tena? Baba Katekista, nakuomba usiruke mstari hata mmoja. Pale ninapojisema vibaya, ndipo pa kupaza sauti.

Unakumbuka siku ya kwanza nilipokuja kujionyesha kwenu? Mjomba wako mkubwa alinipa kiti chake mwenyewe, kile cha mbao nyekundu, nikakaa, kikavunjika. Nilianguka chali na kofia yangu ikaenda kwa kuku. Nilidhani ndoa imekwisha kabla haijaanza. Lakini mjomba alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyu muntu iko nakula kabisa! Mutoto yetu hatalala na njaa hata siku moja." Nyuma ya mlango nilisikia mtu anacheka puani, akijizuia asisikike. Ulikuwa wewe. Kwa hiyo tusidanganyane: si sura iliyonipatia mke, wala si elimu yangu ya masera, wale watawa wa misheni. Ni tumbo.

Na wewe ulilitunza hilo tumbo kama shamba. Kampuni ya shaba ilikuwa ikitupa posho ya unga kwa gunia, na wewe ulijua kuusonga unga ule mpaka bukari inang'aa. Ukiiweka mezani, na mboga za lengalenga pembeni, na samaki wa barafu, yule wa Thomson, mwenye mafuta yake, nilikuwa nanawa mikono haraka kama mtu anayefukuzwa. Ulikuwa unauliza, "Baba Ngoie, niongeze?" Najibu, "Kidogo." Batoto walikuwa wanacheka, maana kidogo ya nyumba yetu ilikuwa na ukubwa wa kofia ya mchimba shaba.

Kule depo, mimi karani wa vipuri, walinzi wapya walikuwa wananipigia saluti. Walimwona mtu ndani ya suti ya abakosti, tumbo mbele, wakafikiri ni mkurugenzi. Sikuwasahihisha. Lakini miaka ilivyokwenda magoti yakaanza kulia, damu ikajaa sukari, na ngazi za depo zikawa ndefu kila mwezi. Sikuweza kufunga viatu. Ulipiga magoti kila asubuhi ukanifungia, ukinung'unika: "Mi niliolewa na muntu ao niliolewa na gunia ya posho?" Nikakujibu gunia linapendeza kuliko mifupa. Mungu alikuwa anasikia, nadhani.

Ndipo akaja yule munganga mgeni, mtaalamu wa kupasua, mkataba wake ukiwa karibu kuisha. Alichora tumbo langu kwenye karatasi, akachora na mstari, akasema atalishona libaki mfuko mdogo kama yai la bata. Nitapungua, sukari itashuka, nitaishi kuona wajukuu. Nesi alitafsiri. Ukaliangalia lile yai, kisha ukauliza: "Sasa bukari itaingia wapi?"

Munganga alicheka. Nesi alicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, wewe unanijua. Ni wewe peke yako hukucheka. Nimelirudia swali lako mara nyingi tangu siku hiyo, Mama Ngoie. Mpaka leo hakuna aliyekujibu.

Kushona, alishona vizuri. Sina neno juu ya mkono wake. Lakini kidonda hakijakauka sawasawa akarudi kwao, akatuachia karatasi moja ya Kifaransa. Ngoie, mtoto wetu mkubwa, alitusomea: maziwa ya mgando ya dukani, viazi vilivyopondwa na siagi, samaki asiye na ngozi, kipande kimoja cha mkate mkavu. Ulizunguka masoko yote ya Lubumbashi kutafuta yale maziwa. Ulirudi na vumbi mpaka kwenye kope, na vikopo viwili ulivyobadilisha na kitenge chako cha maua. Nikala vijiko vitatu, nikatapika. Ukasafisha beseni. "Haina neno," ulisema. "Kesho tunajaribu ingine."

Kesho ikaleta washauri. Munganga mpya wa kampuni aliitazama ile karatasi akasema ni ya zamani: nile nyama, nisiguse bukari, nisinywe maji wakati wa kula. Masera wa zahanati akasema nyama itaniua: nile uji mara sita kwa siku, na maji mengi. Jirani yetu wa Kipushi, aliyewahi kuwa msaidizi wa nesi, akasema tumbo ni mpira, nisipolivuta kwa bukari litakauka kabisa. Rafiki yangu wa depo akashauri bia, eti inalainisha nyuzi. Watu wa kikundi cha sala wakaniambia nifunge. Nifunge nini tena, ndugu zangu? Lakini niliwashukuru.

Hapo ndipo penye kosa langu, na wajomba walisikie. Mimi ni mtu wa kukubali. Nimekuwa hivyo tangu utoto. Mtu akinishauri kwa huruma, siwezi kumwangalia machoni nikakataa. Kwa hiyo nilimtii kila mmoja. Jumatatu nilikuwa wa munganga, Jumanne wa masera, Jumatano wa Kipushi, na kila siku nilikuwa nainama juu ya beseni. Wewe peke yako hukunishauri kitu. Ulikuwa unauliza tu, "Leo utakula nini?" na mimi nilikujibu kwa maneno ya yule niliyeonana naye mwisho. Na ulipika kama nilivyosema! Ulikaa kwenye kigoda unatoa miiba ya samaki kwa kucha, mmoja mmoja, kisha unamsaga kwa mchi mpaka anakuwa kama unga. Sikumbuki kama niliwahi kukushukuru. Nilimshukuru mpaka yule wa bia.

Na kulikuwa na dada yangu mkubwa, Yaya Mujinga, ndilo jina lake la kuzaliwa. Nyumba yake iko njiani nikitoka kazini, unajua. Siku ya kwanza alinisimamisha tu anisalimie. Aliona abakosti inavyoning'inia, akaanza kulia: wazungu wamemkatia mdogo wake nusu. Akaleta kinywaji cha munkoyo na bukari laini, akakaa mbele yangu, machozi yanamtiririka mpaka shingoni. Nikala tonge mbili ili anyamaze. Akanyamaza. Basi ikawa dawa, lakini dawa yake, si yangu. Kila jioni nilipita, nikala tonge mbili, akafuta macho. Nikifika kwetu lile yai la bata limejaa. Ulikuwa umeshaandaa. Nilisukuma sahani nikasema, "Munganga amekataza bukari." Ulifunika sahani. Siku ya pili ulipika kidogo zaidi, nikasukuma, ukafunika. Hivyo hivyo, majuma.

Nikuambie kweli sasa, maana siku ile mdomo wangu ulikuwa umejaa.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Ulikuja kwa Yaya kurudisha mchi wake. Ulinikuta nimekaa kwenye mkeka, mkono ndani ya bukari yake.

"Baba Ngoie," ulisema polepole. "Ile iko mu mukono yako, njo nini?"

Yaya akarukia. "Anakula! Hapa kwangu anakula. Kwako anabakia na njaa, angalia vile anakauka."

Hukumtazama. "Munganga alikataza bukari," uliniambia. "Ao alikataza bukari yangu tu?"

Sikuweza kumeza, sikuweza kutema. Nilipoweza kusema, nilisema upumbavu. Nilisema: "Mama Ngoie, ni tonge mbili tu."

"Ndiyo," ulijibu. "Siku nzima unakula tonge mbili. Njo zilikuwa zangu."

Ukauegemeza mchi ukutani taratibu, ukamwambia Yaya aksanti kwa mchi, ukaondoka.

Nisiwafundishe wazee wa Mitwaba wanachokijua. Mwanaume anayeacha chakula cha mkewe kimefunikwa na kwenda kutia mkono kwenye chungu kingine amemfukuza mkewe bila kufungua mdomo. Hata kikiwa chungu cha dada yake. Hasa kikiwa cha dada yake. Ulikaa siku tatu ukingoja niseme kitu kinachofanana na ukweli. Mimi nilikueleza habari za mara sita kwa siku, na maji kabla ya chakula au baada. Siku ya nne ulifunga masufuria, ukamchukua Monga, mtoto wetu mdogo, ukapanda lori. Ukweli ulikuwa mfupi sana: nilikuwa na nafasi ya tonge mbili, nikampa aliyelia, nikamnyima aliyenyamaza.

Tangu uondoke nimeendelea kupungua. Abakosti ile ya saluti sasa ningeweza kuivaa na mtu mwingine ndani. Walinzi hawanipigii tena. Mmoja aliniuliza natafuta nani. Kuna jambo lingine, Baba Katekista, nalo ulisome. Hapa mjini kuna ule ugonjwa mpya wa kukonda ambao watu wanautania kwenye bia na kuuogopa wakifika nyumbani. Wameniona nimekonda, wameona mke amekwenda, wamejumlisha. Rafiki yangu wa depo sasa anakuja na glasi yake mwenyewe. Naapa mbele ya mama mkwe wangu: si huo. Kovu langu liko hapa, kutoka kifuani mpaka kitovuni, atakaye na aje alione. Lakini nani anakuja?

Dereva wa lori alinifikishia neno la mjomba mkubwa. Nimelishika lote: "Aje. Mutoto yetu atapika. Atakula mbele yetu, atamaliza sahani. Akimaliza, anarudi na bibi yake." Mjomba, ni neno la haki. Ningekuwa na mpwa aliyefanyiwa nilivyomfanyia Mama Ngoie, ningesema hilohilo, na sahani ningechagua kubwa.

Nilijaribu. Nilichukua unga, nikachemsha maji, nikasonga bukari mwenyewe. Mungu anisamehe, ilikuwa na vidonge kama changarawe na upande mmoja imeungua. Ngoie alicheka, cheko la kwanza ndani ya nyumba hii tangu uondoke. Nikakaa mezani kama mtoto wa mtihani. Tonge la kwanza, la pili, la tatu. Nikangoja. La nne lilirudi, na lilikuja na wenzake. Nilijikuta nimelala sakafuni, shavu kwenye saruji, na Ngoie hakuwa anacheka tena. Siku ya pili nikajaribu, na ya tatu. Mpaka wangu ni tonge tatu.

Nilikwenda hospitali kuuliza. Munganga mpya alisema nikilijaza kwa nguvu nyuzi zinaweza kuachia, na aliyejua kuzishona hayupo. Masera, aliyekuwa anapita kwenye ukumbi uleule, alisema nisipokula zaidi sitamaliza mwaka. Wakaanza kubishana, kwa adabu, kwa Kifaransa, mimi nikiwa katikati nimeshika kofia. Niliwaacha hapo. Sijauliza mtu tena. Nywele zinatoka kwenye kitana, kucha zinakatika, na ngozi ya tumbo inaning'inia mbele yangu kama mkoba wa mtu aliyeibiwa.

Sasa unanijua. Nikija Mitwaba, utapika, na utapika vizuri kuliko siku zote, maana utakuwa unanitetea. Wajomba watakaa wananitazama. Sitaweza kusema hapana. Nitafika tonge la tatu, nitatabasamu, nitachukua la nne. Ama nitatapika bukari yako miguuni pa mama yako, uaibike mara ya pili kwa mkono wangu uleule, ama nitaimeza yote na Monga ataona baba yake anabebwa. Nimefikiri kama kuna njia ya tatu. Ningewaomba wazee wapime mapenzi yangu kwa tonge tatu. Lakini tonge tatu, mjomba atasema, ni za kumpa kuku, na mbele ya watu atakuwa na haki.

Mama Ngoie, siji.

Mjomba akisema umeachika, usibishane naye kwa ajili yangu. Wewe bado una nguvu, na mkono wako unastahili mtu wa kuomba kuongezwa. Monga umwambie baba yake anaumwa tumbo, si uongo. Nami asubuhi nakunywa vijiko vitano vya uji nikiwa nimesimama dirishani, kwa sababu mezani siwezi kukaa.

Nilikuwa nimeshaomba nafasi kwenye lori, pembeni ya dereva, na nilikuwa nimepiga pasi shati. Linaondoka kesho asubuhi. Nitampa dereva barua hii na vipande sita vya sabuni kwa mama yako. Ile nafasi nimemwachia mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni. Naye anakwenda kwao.

Ni mimi, mume wako mpaka Baba Katekista atakapoikunja karatasi hii,

Baba Ngoie