Nimezificha Picha za Mkwe Wangu kwa Kalenda

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na usinicheke, maana nimelea watoto saba na sijawahi kumwandikia mtu barua ya kuomba akili.

Shule niliishia darasa la pili lakini kusoma nasoma, tena bila miwani. Naishi na mjukuu wangu wa miaka sita, ana pumu, kifua kikimbana lazima avute dawa kwa mashine ya mvuke, na mashine inataka umeme, na umeme wa huku kwetu unakatika kama uzi mbovu. Mkwe wangu, mume wa binti yangu, ni fundi redio, akanifungia betri: akaanza na betri moja na taa moja, mwezi uliofuata akaleta inveta, kile kisanduku kinachougeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, akamalizia na feni na soketi ya mashine ya mtoto. Mshauri, siku ya kwanza umeme ulipokatika ilikuwa saa nane mchana, mtaa mzima wakaguna, redio zikanyamaza, na kwangu feni ikaendelea kuzunguka! Hakuna jenereta, hakuna moshi, hakuna kelele. Nikaweka mkono juu ya betri, imetulia kama jiwe, nikajiuliza huo upepo wote ulikuwa umelala wapi humo ndani. Mimi nimekulia kwenye kibatari. Machozi yakanitoka. Mjukuu akaniuliza, "Bibi, unalia nini?" Nikamwambia, "Nyamaza, nasikiliza."

Basi nikaipenda mno. Nikaifunika blanketi, yenyewe na inveta yake, visiingie vumbi. Mkwe naye alikuwa amenichorea ukutani kwa mkaa: taa, feni, simu na mashine ya mtoto upande mmoja, na upande wa pili pasi, birika na jiko, zote kazitia alama ya kosa. Mimi, na mvi hizi, nichorewe picha kama mtoto wa chekechea? Nikatundika kalenda juu yake. Na pasi nikaichomeka, mara moja, mara mbili, mwishowe kila umeme ukikatika, maana sare ya mjukuu wangu lazima iwe na mikunjo ya kukatia nyanya.

Jumamosi moja mchana umeme ukakatika, kifua cha mtoto kikabana, mashine ikanguruma kidogo ikazima. Tukamkimbiza zahanati kwa pikipiki, midomo imeshabadilika rangi. Alipona. Mkwe alipofika nikamvaa pale pale mlangoni, majirani wanatazama: "Betri yako mbovu kama wewe!" Akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama. Nitatafuta nyingine." Sasa binti yangu ananiambia mumewe anauza kipimo chake cha umeme, kile anachofanyia kazi kila siku, anunue betri mpya. Habari ya pasi haijui mtu ila wewe. Nifanyeje asiuze, bila mimi kusema? Mama mkwe akiomba msamaha, uso atauweka wapi?

Ni mimi, Bibi Pasi, ndivyo mtaa unavyoniita.

JIBU

Shikamoo, Bibi Pasi. Hiyo njia ya kutokusema haipo, kwa hiyo tusiitafute.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na ile ya kuweka mkono juu ya betri imenikaa moyoni. Sasa niruhusu nikugombeze. Pasi moja inakula umeme mwingi kuliko taa, feni na mashine ya mtoto zikijumlishwa. Ulikuwa unanyoosha sare kwa pumzi ya mjukuu wako. Na blanketi! Inveta inatoa joto, inataka hewa. Ulikuwa unaipenda huku unaiziba pua.

Mpigie mkwe wako leo, aje. Usianze na betri, anza na "nimekosa, mwanangu". Ulimtukana mbele ya majirani, basi na hili lisemwe mlangoni, wakisikia. Umeuliza uso utauweka wapi. Uweke mbele yake.

Kisha mwambie asiuze kitu. Kipimo anachotaka kuuza ndicho kitakachomwonyesha kama betri imekufa au imechoka tu kwa kukamuliwa kila mara. Wewe ondoa blanketi, fungua dirisha. Pasi ya makaa naamini unayo uvunguni, itoe ukung'ute vumbi. Na kesho asubuhi nenda zahanati, uulize kama mtoto anafaa kupewa pampu ya mkononi ya kuvutia dawa, isiyohitaji umeme, maana hata betri nzima siku moja itaisha.

Mwisho, ng'oa ile kalenda. Yule kijana hakukuchorea kwa dharau, bibi, alichora ili hata mtoto akiwa peke yake ajue. Ukishaing'oa, mpe mkwe wako kipande cha mkaa, umwombe aongeze picha moja upande wa makosa: blanketi.