Sabuni Ndani ya Pipa

Kalemie, nyuma ya stasio ya reli

Mudogo wangu mupenzi Rosalie,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na shemegi Gauthier na mutoto wetu Emilie. Je, baridi ya Kirungu haijawamaliza? Mimi niko, namushukuru Mungu, ila mugongo unanisumbua, na sababu yake utaisoma mbele. Maharagwe uliyotuma na boti ya Moba yamefika yote. Mubebaji hakuiba hata kikombe, ajabu kwa watu wa siku hizi.

Umeniandikia kwamba mwalimu wa Emilie amewaagiza watoto wawaulize wakubwa utamaduni ni nini, nawe ukamuambia amuulize mama mukubwa Alphonsine, hakuna anayejua kumushinda. Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Ngoja nikueleze mambo ya avenyu yetu, kisha utajua la kumuambia mutoto.

Unajua sisi hapa tumechanganyika. Baba zetu waliletwa na reli na bandari, huyu Mutabwa, yule Muluba, mwingine Muholoholo. Kinachotuunganisha ni matanga. Muntu akifa, mufiwa hawashi moto. Nyumba zote zinamuletea bugali, kuni na viti, na wamama wanakaa naye chini kwenye mukeka siku tatu. Pipa la avenyu linasimamishwa nyuma ya nyumba yake, linajazwa maji. Asiyekuja kwa wenzake, kwake hawaendi. Sheria njo hiyo, na hakuna biro ya serikali iliyoiandika.

Sasa nyumba ya mwisho, kule chini karibu na ziwa, miaka minne iliyopita walihamia Agathe na mume wake Nathanaël, muvuvi. Ni watu wa kaskazini, Wabembe. Kanisa lao la maombi linawakataza kukaa kwenye matanga, kwa ajili ya ngoma na pombe. Basi Agathe hakuwahi kuonekana kwenye mukeka wetu. Wamama walimuita Mama Mulango, kwa sababu anachungulia halafu anafunga. Jina hilo nilimupa mimi. Lilikuwa tamu mudomoni, likaenea.

Mwezi wa tatu mutoto wake Annie, wa miaka sita, alikufa na homa. Agathe alilia asubuhi, kile kilio ambacho hakuna haja ya kuuliza nani. Watu walisimama mbele ya milango yao, wananiangalia mimi, maana tangu matanga ya mama yetu, mimi njo Mama Prezidanti wa wamama wa avenyu. Nikawaita kwangu. Chantal, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akasema mutoto hana kosa, twende tu. Olga akasema tukienda, sheria imekufa. Wakaniuliza mimi: Mama Alphonsine, wewe usiyekosa matanga, umeshamuona huyu kwa mufiwa yeyote, hata mara moja? Nikawajibu kwamba hata kivuli chake sijakiona.

Basi tukafunga milango. Pipa likabaki kwangu. Nathanaël alichonga sanduku mwenyewe kwa mbao za mutumbwi, akalifunga kwenye kinga, baisikeli yake, akaisukuma kwa mukono mupaka makaburini, na waumini wawili nyuma yake. Agathe alipika bugali mwenyewe siku ya kumuzika mutoto wake. Moshi tuliuona wote. Olga akasema, angalieni, anawasha moto, hana haya! Tukacheka, na mimi nilicheka kuwashinda wote.

Rosalie, sasa soma polepole. Mama alipokufa, barabara ilikuwa imekatika na boti hazitembei, hukuweza kufika. Baadaye uliniandikia barua ya kunishukuru, mupaka leo ninayo kwenye Biblia. Ulikuwa umesikia kwamba kila asubuhi pipa lilikutwa limejaa, na kwamba ni mimi niliyeamuka kabla ya majogoo kuteka maji, machozi hayajakauka. Avenyu nzima ilinisifu. Walisema huyu njo mutoto wa kweli, wakanipa uprezidanti. Na matanga yote yaliyofuata pipa likajaa vilevile, nao wakasema, eh, Mama Alphonsine hachoki!

Hata kipande cha sabuni walichokikuta kimegandamana chini ndani ya pipa, waliniuliza mimi. Sikujua kimetoka wapi. Lakini muntu akishaonja sifa, neno la kusema sijui linamukwama kooni. Nikawaambia ni desturi ya bibi yetu wa Utabwa, sabuni ya kuosha kifo. Haya, tangu hapo kila matanga wamama wanatumbukiza vipande vya sabuni ndani ya pipa, kwa heshima, macho chini. Maji yanatoa povu, bugali linanuka, na hakuna anayelalamika, kwa sababu ni utamaduni.

Rosalie, sikubeba hata kikombe. Siku ya pili ya matanga ya mama nilitoka alfajiri kwenda chooni, nikamukuta Agathe anamimina bidoni ya maji ndani ya pipa. Alishituka. Akaniomba nisimutaje, kanisa lao lingemutenga. Alisema hawezi kukaa na sisi, lakini hawezi pia kulala usingizi wakati jirani analia. Nikamuahidi. Wamama walipoamuka na kusema ni mimi, niliinamisha kichwa kama muntu mwenye haya. Na siku ile waliponiuliza kama nimeshamuona, neno moja tu lingetosha. Kanisa lingemutenga, sawa, lakini Annie angezikwa na watu. Sikuficha kwa sababu ya ahadi. Nilificha kwa sababu ya cheo changu.

Mungu naye hakukawia. Mwezi uliopita Papa Jérôme, fundi wa reli, alifariki, na asubuhi ya kwanza pipa lilikuwa kavu. Wamama wakaniuliza kwa huruma kama ninaugua. Nifanye nini? Kesho yake nilianza kubeba, mimi na miaka yangu hamusini na sita. Ninalijaza alfajiri, saa nne limebaki nusu, narudi tena kwenye bomba, robineni. Nikafikiri Agathe ameliloga.

Juzi nilimukuta pale robineni. Amekonda, nguo zinamuning'inia. Alinipisha niteke kwanza. Nilimusalimu, akaitika, kisha akaniuliza kama pipa bado linavuja. Akasema lina tundu chini, kwenye mushono, inabidi kulikandika sabuni kabla ya kumimina, yeye alikuwa anafanya hivyo siku zote. Akajitwisha bidoni yake, akaenda. Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana.

Najua utaniambia niwaite wamama niseme ukweli. Nimejaribu. Juzi ileile niliingia kwa Chantal, nikakaa, akanipa chai, tukaongea bei ya visamaki vya ndagala, nikatoka. Roho inaniuma, Rosalie, siwezi kukudanganya. Lakini mudomo haufunguki, na sidhani utafunguka. Papa François wa bandari naye yuko taabani, wanasema hafiki Jumapili. Nimeshatenga kipande cha sabuni.

Barua hii usimusomee Emilie. Muambie aandike habari ya bibi yetu wa Utabwa na sabuni ya kuosha kifo, mwalimu atapenda. Halafu chini yake aandike kwamba kwetu Kalemie mufiwa haachwi peke yake hata siku moja, na kwamba mama mukubwa Alphonsine, Prezidanti, njo amesema.

Musalimie shemegi, na wote wa nyumba. Chantal na Olga wanakusalimu. Mubebaji wa barua nimemupa ndagala kidogo, mupikieni naye ale. Kaeni na amani ya Bwana.

Ni mimi yaya wako, dada yako mukubwa,
Alphonsine