Jina Walilomtafutia Binti wa Hannah

Al-Suwaidi,
Riyadh,
Saudi Arabia.
14 Novemba 2025

Mpendwa dada Maryann,

Nijulishe hali yako kwanza, mengine baadaye. Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kumnyanyua bibi unayemtunza, umepoa? Na shemeji Laban ameizoea baridi ya Brescia, au bado analala na soksi? Wabusu watoto, uwaambie mama yao mdogo hajawasahau.

Mimi mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Joto la hapa limeanza kushuka, na asubuhi napanda metro hadi Olaya bila kutokwa jasho. Kule kliniki ya meno bado niko mapokezi, nikiwapokea watu wenye mashavu yaliyovimba. Kazi haina neno. Usingizi ndio umenikimbia.

Nimeona nikuandikie kwa karatasi kwa sababu sitaki mambo haya yapite kwenye simu. Danson, mhasibu wetu, anasafiri kwenda Milano, naye ameniahidi kuitia barua hii posta akifika. Isome ukiwa peke yako, kisha umsomee shemeji.

Unakumbuka nilipokuuliza jina la mtoto wa kike ambalo Mwitaliano na Mwingereza wote wataweza kulitamka bila kulivunja? Ulinicheka, ukauliza kama nina mimba. Kisha ukaniletea Marta, Emma na Elena, ukanionya niikwepe herufi H, maana huko hata Hannah angeitwa Anna tu. Sikukuambia mtoto ni wa nani kwa kuwa mama yake alikuwa ameniapisha. Ni Hannah wetu, kitinda mimba wa marehemu shangazi Wanjiru.

Hannah alitoroka nyumba ya kafili wake, mwajiri aliyemdhamini huko Jeddah, baada ya mateso ambayo atakusimulia mwenyewe siku moja. Pasipoti ilibaki kwa bosi, ikama, kibali chake cha kuishi, ikaisha. Mimba ilikuwa ya dereva mmoja wa kwetu, na huyo aliposikia habari alizima simu, hajaiwasha hadi leo. Hannah aliogopa hospitali, kwa sababu mwanamke asiye na mume wala karatasi huulizwa maswali mlangoni. Akajifungulia chumbani, mtaa wa Al-Baghdadiyah, mikononi mwa mama mmoja Mkenya wanayemwita Mama Ivy.

Huyo Mama Ivy alisifiwa na kila msichana. Sauti yake laini, mkono wake mwepesi kutoa. Alileta uji, nepi, hata mafuta ya kumkanda mtoto. Hannah alitaka kumwita mtoto Wanjiru, jina la mama yake, kama ilivyo desturi yetu. Mama Ivy akamkataza. Alisema Wanjiru litawashinda kutamka watu wa ofisini, na kwamba kuna wafadhili wanaowasaidia mama na watoto kupata karatasi za kwenda Italia. Mtoto apewe jina linalosomeka huko, na linalosomeka kwa Kiingereza pia. Hannah alinipigia kwa furaha iliyonifanya nilie. Ndipo nikakuuliza wewe. Kati ya yale matatu, Mama Ivy ndiye aliyechagua. Akachagua Elena.

Baada ya hapo habari zikaanza kunikaa vibaya. Hannah aliniambia amekatazwa kunyonyesha, eti mtoto azoee chupa mapema. Halafu mtoto akapigwa picha juu ya shuka jeupe, na Hannah alipotaka kumshika wapigwe pamoja, akaambiwa asogee, anatia kivuli. Siku nyingine alimsikia Mama Ivy jikoni akimtumia mtu ujumbe wa sauti: "Elena wetu sasa anakunywa chupa vizuri, halii tena."

Hannah alimuuliza, "Mama, na karatasi yangu mimi?"

"Yako itafuata," akajibiwa.

Aliponiambia neno hilo, Maryann, nilielewa kwamba wanamtaka mtoto peke yake. Niliomba ruhusa kazini, nikapanda ndege ya kwanza niliyoipata kwenda Jeddah.

Nilifika mchana. Ngazi zilinuka vitunguu na maji ya baharini. Mama Ivy alinifungulia mlango huku akitabasamu, akanikalisha, akanimiminia chai ya maziwa. Hannah alikuwa amekaa sakafuni, amekonda, amemshika mtoto kama mtu aliyeazimwa kitu. Pembeni kulikuwa na msichana wa Kikalenjin, Jepkoech, mwenye mimba kubwa, akikunja nguo ndogo ndogo mpya. Kwenye kila gauni palikuwa na jina limetariziwa kwa uzi wa waridi: Elena.

"Kumbe wewe ndiye Fridah, dada wa majina," Mama Ivy akasema. "Mlituchagulia vizuri. Na yule dada yenu Maryann, bado yuko Brescia?"

Sikuwahi kumtajia jina lako. Hannah pia anaapa hakumtajia. Ila simu ya Hannah ilikuwa ikikaa chumbani kwa huyo mama "ipate chaji."

Niliweka kikombe chini. Nilikuwa nimejipanga kusema uongo, kwamba nampeleka mtoto chanjo. Uongo ukanikauka mdomoni. Nikasema, "Mama, mtoto huyu anaitwa Wanjiru. Nimekuja kumchukua yeye na mama yake."

Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniogopesha hadi sasa. Alicheka polepole, kama mtu aliyesikia mzaha wa mtoto.

"Umpeleke wapi? Polisi? Mama hana ikama. Baba mafi, hayupo. Hospitali haimjui, serikali haimjui, Kenya haimjui. Huyo mtoto hayupo, Fridah. Mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba amezaliwa."

"Nami najua," Hannah akasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akipaza sauti tangu tukiwa wadogo. "Mimi ndiye niliyemzaa."

Mama Ivy aliinuka, akatufungulia mlango yeye mwenyewe. "Halas, yamekwisha. Nendeni. Mtarudi wenyewe, na mimi sitakuwa na kinyongo." Tulishuka ngazi na mtoto na nguo za mwilini tu. Nilimnong'oneza Jepkoech atufuate. Alitutazama, akautazama mlango, akaendelea kukunja nguo.

Hannah sasa anakaa kwa mama mmoja Mtanzania wa kanisani, huko huko Jeddah. Nilimsindikiza kwa watu wa ubalozi wetu. Walitusikiliza vizuri, wakachukua vipimo vya kuthibitisha kwamba mama na mtoto ni damu moja, wakasema tusubiri. Afisa alipouliza jina, Hannah alijibu "Wanjiru" kabla swali halijaisha. Mtoto ananyonya tena, ananenepa. Ila bado hawana ruhusa ya kusafiri, na mimi nimerudi Riyadh. Nambari nisizozijua hupiga, nikipokea hakuna asemaye. Juzi mlinzi wa kliniki aliniambia kuna mtu aliyeuliza natoka kazini kwa mlango upi.

Sasa lililonifanya niandike. Tulilipeleka jina la Jepkoech pia kwa wale wa ubalozi, wakatuma mtu. Alikuta nyumba imehamwa, hata pazia halipo. Jirani Myemeni alisema yule msichana alijifungua kabla hawajaondoka. Mtoto wa kike. Simu ya Jepkoech haipatikani.

Dada, zile nguo za Elena hazikubaki mle ndani; nadhani sasa amevishwa mtoto wa Jepkoech. Mama Ivy ana binti, huyo Ivy mwenyewe, na Hannah aliwahi kusikia kwamba anaishi upande wenu wa Italia. Pengine mmeshapeana mikono kanisani bila wewe kumjua. Mtu yeyote akikuomba nakala ya pasipoti yako au ya shemeji, hata kwa jambo dogo, katalia mbali, wasije wakamwandikisha mtoto wa wizi kwa majina yenu. Akija mtu mlangoni na kitoto cha kike, akikuomba umshikie siku mbili tatu kwa kuwa wewe ni mtu wa nyumbani, mpokee mtoto, umfungie mlango aliyemleta, na umwite polisi hapo hapo. Na ukisikia popote kwenye mji wenu kwamba familia fulani imepata binti mweusi mchanga aitwaye Elena, usimpongeze mtu. Nipigie. Mama yake ni Jepkoech, yuko Jeddah, kama bado yuko hai, na hakuna aliyemuuliza alitaka kumwita nani.

Nisalimie shemeji Laban na watoto. Mjomba Timothy akipiga kutoka Nyeri, mwambie Hannah ni mzima, usimwambie zaidi ya hapo, presha yake unaijua. Hannah anakusalimu sana, na Wanjiru mdogo pia.

Mungu aweke mkono wake juu ya mlango wako, kila aingiaye awe wa heri.

Mimi dada yako nikupendaye,
Fridah