Faili la Meza ya Pili

3 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini mzima wewe na watoto. Mimi sijambo, ila magoti yananisema. Friji la chanjo hapa zahanati limekufa kabisa. Kina mama wanakuja na watoto mgongoni, nawarudisha hivihivi, na surua iko vijiji viwili kutoka hapa. Nimeomba jingine kwenye hilo shirika lenu la kimataifa. Lisukume basi, usije ukanijibu kiofisi.

Dada yako

28 Machi

Dada,

Sisi wazima, pole na magoti. Ombi lilitua mezani kwangu. Fomu iliuliza kama nina ndugu zahanati hiyo, nikajaza kwamba muuguzi ni dada yangu wa tumbo moja. Nilidhani ni swali tu. Sasa limepelekwa kamati ya maadili, inayokaa kila miezi mitatu. Nisamehe.

Mdogo wako

5 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama alitufunza kusema ukweli, sasa tuule. Nina wagonjwa wanne wa surua. Mmoja ni mtoto wa mfagizi wetu, mama yake nilimzalisha mimi. Umefika wapi?

Dada yako

30 Juni

Dada,

Za siku? Kamati imekaa. Inataka mkaguzi aje huko kwanza. Safari za wakaguzi naidhinisha mimi, na nimekatazwa kugusa faili lako. Liko meza ya pili, nikinyoosha mkono nalifikia. Wakubwa wanasema litatembea siku mmoja wetu akiwa hayupo kazini. Naandika barua ya kuacha.

Mdogo wako

11 Julai

Mdogo wangu,

Usiache, una watoto wanasoma. Yule wa mfagizi tumemzika jana. Leo mama yake kaja kufagia kama kawaida, nikashindwa kumtazama. Nimechoka kurudisha watu. Barua ya kuacha kazi nimeandika mimi, nakala nimewatumia kamati. Wilaya wameahidi muuguzi mwingine mwezi huuhuu. Sasa huna ndugu zahanati, saini.

Dada yako

2 Septemba

Dada,

Sijui nikusalimu vipi. Nilisaini, mkaguzi akaja, faili likapita. Friji lilifika zahanati Ijumaa, zima, jipya. Dereva amerudi nalo. Karatasi ya kupokea inasainiwa na muuguzi tu, wa wilaya bado hajaletwa, na pale alimkuta mfagizi peke yake.

Mdogo wako