Kuzima Sauti ya Telefone ya Baba

Jumatatu, 3 mwezi wa tatu 2025

Leo telefone ya baba imesema «Bukavu» mbele ya watu. Mara tatu!

Tulikuwa uani. Mimi nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, ya kufuturu. Espérance, jirani yetu, alikuja kuomba kaa la moto. Njiani vijana wawili wa doria, wale wanaotafuta watu wa waasi, walikuwa wanapita na fimbo zao. Mesaji ikaingia. Baba akaigonga na kidole kama kawaida yake, na ule mwanamuke wa ndani ya telefone akaanza kusoma na Kifaransa chake cha mashini, kwa nguvu. Kwamba Arsène ametoka Bukavu, kule waasi wameshika. Kwamba waasi walimulazimisha kufunga vidonda vya watu wao. Kwamba amekimbia, iko Shabunda, anakuja nyumbani.

Nikakohoa. Nikapiga mutwangio kwa nguvu yote. Sauti haikujali. Ilisoma mpaka mwisho, na salamu ya kuaga, «je vous embrasse», pia.

Kijana mumoja alisimama, akageuka. Kisha wakaenda.

Espérance alichukua kaa lake, akasema asante. Hakuuliza kitu. Afazali angeuliza.

Kosa ni la nani? Baba macho yake yaliisha tangu miaka sita. Arsène, mudogo wangu, njo aliweka ile sauti mbele ya kurudi Bukavu kwenye kazi yake ya infirmier, ya kuuguza wagonjwa: kila kitu unachogusa kwenye kioo, telefone inakisema. Tangu siku ile baba alifufuka. Anajua saa. Anapigia wazee wenzake wa reli, wanacheka. Mesaji ya mutoto wake anaisikia yeye mwenyewe, haombi muntu. Nilimushukuru Mungu juu ya ile sauti. Leo natamani kuitia ndani ya muto Lualaba.

Juma lililopita hapa Alunguli vijana wa doria walimupiga muntu mumoja mpaka akatoka damu masikioni. Juu ya namba za Bukavu kwenye telefone yake. Njo hiyo tu. Namba.

Jumanne, 4 mwezi wa tatu

Nimejaribu kuizima. Nimeshindwa.

Baba alikuwa amelala kidogo kisha ya sala ya adhuhuri. Nikachukua telefone pole pole, nikaingia chumbani. Nikagusa «Paramètres», mahali pa kupanga telefone. Ikasema «Paramètres»! Lakini haikufungua. Nikagusa tena. Ikasema tena. Nikajaribu kuteleza chini na kidole: haiteremki, inasoma tu, kila kitu, batterie asilimia arobaini, saa nane na dakika sita. Nikaifunga ndani ya kikwembe. Ikawa inasema ndani ya kikwembe, kama muntu aliyefungwa kinywa.

Nikapunguza sauti na kile kidude cha pembeni. Muziki ulishuka. Yule mwanamuke hapana.

Nikasikia baba toka upande mwingine:
— Safi, unatafuta nini ndani ya telefone yangu?

Nikamurudishia. Mwalimu wa shule mimi, watoto arobaini na tano wananisikia, na kitu cha ukubwa wa kipande cha sabuni kinanishinda.

Jumatano, 5 mwezi wa tatu

Nimemuambia baba yote. Nilifikiri atakasirika.

Akasema: «Unaogopa kama mwaka ule.»

Mwaka ule. 1998. Haujawahi kutajwa katika nyumba hii. Sijawahi kuuandika. Leo naandika.

Nilikuwa na miaka saba. Tonton Rigobert, ndugu ya mama, alikuwa amejificha kwetu, juu ya dari, siku tano. Wenye bunduki waliingia asubuhi, tulikuwa tunakula wali wa jana. Mama alisema hakuna muntu. Baba alisema hakuna muntu. Mumoja wao akachuchumaa mbele yangu. Akaniuliza na sauti nzuri kabisa: tonton yako analala wapi? Nikasema: juu.

Nilifurahi kulijua jibu.

Hatukumuona tena. Mama yangu, Bitota, alikufa bila kuniambia neno juu ya ile siku. Baba vilevile, mpaka leo. Na leo alisema hiyo tu — «unaogopa kama mwaka ule» — kisha akanyoosha mukono.

— Leta. Wewe unaigusa kama unagusa sufuria ya moto. Njo maana haikusikii.

Akanifundisha. Baba yangu, kipofu, alinifundisha kuzima macho yake! Alisema: ukigusa mara moja, inakutajia jina tu, inakuuliza kama njo hiyo unataka. Ukigonga mara mbili mbio mbio, njo unaitika. Kuteremka, tumia vidole viwili pamoja. Usiwe na haraka, ngoja imalize kusema.

Tulifanya ndani ya chumba, mulango umefungwa, radio inaimba. Paramètres — gonga, gonga. Vidole viwili, chini, chini zaidi. Accessibilité, mahali pa vitu vya kusaidia vipofu — gonga, gonga. TalkBack, njo jina la ile sauti. Pale kuna kidude cha kusukuma. Nikagonga mara mbili. Ikauliza, na sauti yake ileile, kama kweli tunataka kuizima.

Mukono wangu ukakataa.

Baba akashika kidole changu, akaniambia nikiweke pale. Kisha akakigongesha kwenye kioo, mara mbili, na mukono wake. Ikasema neno la mwisho. Kimya.

— Sitaiwasha mpaka mutoto afike, akasema. Nimekupa neno langu. Utakuwa unanisomea wewe.

Kisha akawa anagusagusa kioo. Juu, katikati, chini. Kama muntu anayebisha kwenye nyumba ya watu waliohama.

— Ni saa ngapi?
Nikamuambia.
Kisha dakika mbili:
— Ni saa ngapi?

Alhamisi, 6 mwezi wa tatu

Mesaji moja. Arsène amepata piki ya Destin, walisoma pamoja, anafanya kazi ya kubeba watu Kalima. Barabara mbaya, wanalala njiani. Nilimusomea baba. Alisema ninasoma mbio, nirudilie. Nikarudilia. Akataka mara ya tatu, nikasema Baba nina sombe kwenye moto.

Mbele, na ile sauti, angegonga tu. Hata mara kumi.

Nimefuta mesaji zote za Arsène. Zote, mpaka za mwaka jana. Sikumuambia.

Ijumaa, 7 mwezi wa tatu

Mungu wangu. Haikuzimika!

Saa tisa, uani, wanawake watatu, Espérance akiwemo — nilikuwa nawasuka. Telefone ya baba ikalia kwenye kiti. Na katikati ya kulia, sauti: «Arsène Bukavu. Arsène Bukavu.»

Tuliizima! Mimi na yeye, na vidole vyetu! Nikafikiri nimerukwa na akili. Nikaruka, nywele za mutu zikabaki mukononi. Baba naye alishtuka, alikuwa anaitafuta na mikono, inaanguka, inaendelea chini: «Arsène Bukavu.»

Nikaichukua, nikakimbia nyuma ya choo. Upepo tu, na Arsène kwa mbali: kesho kutwa ao siku ile ingine… Ikakatika.

Niliporudi mwanamuke mumoja alisema: ah, kumbe Arsène iko Bukavu mpaka sasa? Nikasema ni namba ya zamani. Uongo mubaya, wa kitoto. Espérance alikuwa anaangalia kitana.

Usiku huu nimetafuta mpaka nikaelewa. Sauti ziko mbili! Ya kwanza inasoma kioo, ile tulizima. Ya pili iko mahali pengine kabisa, ndani ya mambo ya kupiga simu: kutangaza jina la anayepiga. Ilikuwa imeandikwa «toujours», kila mara. Nimeweka «jamais», hata mara moja.

Nimerudi tena kwenye Accessibilité, nimepita musitari kwa musitari. Kuna ingine ya kusoma maneno ukiyachagua. Imezimwa. Nimeangalia mara nne.

Kisha nikabadilisha jina. Nikafuta «Arsène Bukavu», nikaandika «Salama». Mama alimuzaa mutoto, akachagua jina, padri akamwagia maji. Mimi nimelifuta na kidole, hata dakika haikuisha.

Jumamosi, 8 mwezi wa tatu

Siku ya wanawake. Kikwembe kipya kiko ndani ya sanduku, sikukivaa.

Espérance alikuja peke yake, na sahani ya ndizi. Mumewe njo anapanga vijana wa doria kwenye avenue yetu. Alikaa. Aliongea juu ya bei ya chumvi, juu ya mvua. Kisha akasema polepole, bila kuniangalia:

— Ile sauti ya telefone yenu, naisikia tangu Krismasi. Ukuta wetu ni wa matete, dada. Nasikia kila kitu. Ningetaka kusema, ningekuwa nimesema.

Akasimama, akakunguta kikwembe, akaenda.

Nimekaa na haya maneno siku nzima. Nayageuza upande huu, ni maneno ya rafiki. Nayageuza upande ule, ni kisu. Nimeuliza baba. Akasema kula ndizi.

Jumapili, 9 mwezi wa tatu

Hakuna mesaji. Hakuna simu. Hakuna rezo, mutandao umekatika tangu asubuhi.

Baba amefunga, ni Ramazani. Mimi si mwezi wangu, mimi ni wa kanisa la mama, lakini chakula hakipiti.

Kila piki ikipita nasimama.

Jumatatu, 10 mwezi wa tatu

Naandika mbio. Labda sitajua kuisoma.

Saa moja asubuhi rezo ilirudi na mesaji ikaingia kwenye telefone ya baba. Ya Destin. Naiandika hapa sababu sitaki tena kufuta kitu:

«Dada Safi tumefika bariere ya kuingia Alunguli saa kumi na mbili. Watu wa bariere wamemushika Arsène. Wamekuta makasi na bandeji katika sakosi yake, wanasema ni muganga wa waasi. Mukubwa wao anataka muntu wa jamaa aje kusema yeye ni nani. Mwisho saa nane. Kisha saa nane wanamupeleka, sijui wapi.»

Baba alikuwa anaosha miguu. Akauliza: ni nani?

Nikasema: ni watu wa mutandao, wanatangaza megabaiti.

Niliisema tu. Ilitoka. Kwa sababu nilifikiri: atakayeenda pale wataandika jina lake. Watasema njo jamaa ya muganga wa waasi. Watakuja hapa. Nikafikiri pia: labda watamuachilia wenyewe. Labda Destin ataongea vizuri. Nikaosha sufuria. Nikaziosha tena, zilikuwa safi. Saa mbili. Saa tatu. Saa ine. Sikwenda shuleni. Kila mara nachungulia mesaji kama inaweza kubadilika.

Saa tano baba akaniita. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, telefone juu ya goti.

— Nisomee ile ya asubuhi.
— Baba, nilikuambia, ni tangazo.
— Tangazo muntu hashikii pumzi.

Nilisikia Espérance anafagia nyuma ya matete.

— Ile mashini, akasema, iliharibu majina yetu yote. Mama yako ilimuita kama jina la dawa. Kiswahili haikujua hata kidogo. Lakini haikuchagua ya kunisomea, Safi.

Hakukasirika. Angekasirika ningeweza kulia. Alinyoosha tu telefone upande wangu, akangoja.

Nikasoma. Tangu «Dada Safi» mpaka «sijui wapi». Nilitaka kusoma chini chini. Sauti ikatoka kubwa, sijui ilitoka wapi, hata mimi niliisikia kama ya muntu mwingine. Fagio la Espérance likasimama.

Baba akauliza saa ngapi. Nikamuambia: inaenda kwenye saa tano na nusu.

Nilingoja aniambie kitu juu ya hizo saa ine. Hakuniambia. Akasimama, akataka koti lake la reli, lile la vifungo vya shaba, na karatasi ya ubatizo ya Arsène iliyo ndani ya sanduku la mama.

— Baba, wataandika majina yetu.
— Waandike. Nitawatajia herufi kwa herufi.

Anasema hatupiti njia ya nyuma. Tunapita barabara kubwa, katikati, mchana, watu wote watuone tunaenda. Anasema anayeendewa mchana na watu wake, si rahisi kumupoteza. Sijui kama ni kweli. Njia ni ya nusu saa, na yeye anaenda pole pole. Nimetafuta karatasi, nimeipata. Nimevaa viatu, nimevua, nimevaa tena. Baba iko anafunga vifungo, anakosea, anaanza upya, hataki nimusaidie. Ninaandika hii nikiwa nimesimama.

Espérance iko kwenye mulango. Naye amevaa viatu. Anauliza: munaenda wangapi?

Sijui anauliza juu ya nini. Sijui kama anajiulizia yeye ao anamuulizia mume wake.

Baba amejibu kabla yangu: watatu, mama, kama unakuja.

Hajajibu bado.